Nelion, Ndugu wa Batian Asiyetembelewa

Wanapokutana wanafunzi wa zamani hakosekani mmoja wa kusimulia jinsi alivyopanda Mlima Kenya akiwa kidato cha tatu. Ni haki yake kujivuna. Lakini msimulizi huyo karibu kila mara husema habari za Lenana, kilele cha tatu, chenye kimo cha mita 4,985, ambacho mtu mwenye miguu imara na pumzi ya kutosha hukifikia kwa kutembea. Juu yake viko viwili vilivyosimama bega kwa bega: Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Huko kamba hutakiwa. Nia yangu ni kueleza habari za Nelion, maana historia yake imefunikwa na ya ndugu yake, ingawa ni njia ya Nelion iliyowafungulia watu vilele vyote viwili.

Nimesema ndugu kwa makusudi. Mbatian alikuwa laiboni mkuu wa Wamasai. Nelieng alikuwa ndugu yake, na Lenana mwanawe. Aliyetoa majina hayo ni Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Oxford. Basi Kirinyaga, mlima ambao Wakikuyu waliuelekezea milango ya nyumba zao, vilele vyake vikapata majina ya ukoo mmoja wa Kimasai kwa kalamu ya Mwingereza. Mambo ya ukoloni yalikuwa hivyo.

Mackinder aliondoka Nairobi tarehe 28 Julai, 1899. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai wawili wa kuonyesha njia. Tarehe 13 Septemba, saa sita mchana, alisimama juu ya Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, viongozi wa milimani kutoka Courmayeur, Italia. Majina ya hao watatu yamo katika kila kitabu. Ya wale wapagazi 162 hayakupata nafasi hiyo, ingawa bila vichwa na mabega yao hata chakula kisingalifika chini ya barafu.

Kabla ya siku hiyo Mackinder alikwisha kujaribu kupitia uso wa Nelion wa kusini-mashariki akashindwa. Ndipo akapita upande mwingine, akavuka barafuto ngumu ajabu iliyowalazimu kuchonga ngazi kwa shoka, hatua kwa hatua, muda wa saa tatu hivi. Akaiita Almasi kwa ugumu wake.

Kwa nini alishindwa? Hapa waliosoma jiografia wakumbuke somo la ikweta. Mlima huu uko karibu kabisa na mstari huo, hivyo jua likiwa kaskazini, tangu Juni hadi Septemba, uso wa kaskazini hukauka na ule wa kusini hubaki kivulini, umejaa barafu. Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Mlima mmoja una kiangazi upande huu na kipupwe upande wa pili. Mackinder alikwenda Agosti na Septemba. Kwa maoni yangu alibisha mlango uliokuwa umefungwa na majira.

Miaka 30 ikapita bila mtu kufika juu tena. Tarehe 6 Januari, 1929, yaani katika majira yanayofaa, Eric Shipton, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akifanya kazi ya shamba nchini Kenya, na Percy Wyn Harris, mtumishi wa serikali ya kikoloni, waliupanda uso ule ule wa kusini-mashariki. Wakawa wa kwanza kukanyaga Nelion. Hawakutosheka: waliteremka katika Lango la Ukungu, pengo lililo kati ya vilele viwili, wakapanda Batian pia. Siku mbili baadaye walirudia wakiwa na G. A. Sommerfelt. Mwaka 1930 Shipton na Bill Tilman walipanda Batian kwa ukingo wa magharibi, wakavuka hadi Nelion, wakashukia njia ile ya 1929.

Njia hiyo ndiyo iitwayo ya kawaida. Wapanda miamba huihesabu kuwa rahisi. Yapata mita 400 za mabamba ya mwamba, ngazi za asili na nyufa, mojawapo ikiwa na jina la Mackinder. Lakini urahisi huo ni wa hesabu ya Wazungu wa Alpi. Katika kimo kile pumzi ni fupi, mwamba hugandisha vidole alfajiri, na mawingu ya alasiri huweza kukufunika kabla hujapata njia ya kushuka. Kushuka ndiko kunakochukua siku.

Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufika kilele cha mlima huu ni Kisoi Munyao, mwaka 1959, miaka 60 baada ya Mackinder. Ni yeye aliyeipeleka bendera mlimani usiku wa uhuru, Desemba 1963, akaipandisha Lenana. Kila mtoto wa shule amesikia habari za bendera. Ya 1959 ni wachache waijuao, na mimi naiona kuwa ndiyo kubwa zaidi.

Mwaka 1970 Ian Howell alijenga kibanda kidogo juu kabisa ya Nelion. Alipanda peke yake mara 13, kila mara na vipande mgongoni, mpaka kibanda kikasimama. Wengi waliokutwa na usiku huko wamelala humo.

Kilichobadilika ni barafu. Barafuto ya Lewis, ambayo watu wa 1929 waliivuka kufikia chini ya mwamba, ilianza kupimwa mwaka 1934. Kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Anayekwenda Nelion sasa hukanyaga mawe matupu mahali ambapo Shipton alipita juu ya barafu nene.