Mabomba ya Kapani Tonneo: roketi ya bei poa iliyorushwa ng'ambo ya ziwa letu

Najua umeiona ile video. Tarehe 13 Oktoba 2024, huko Texas, mtungi wa chuma wenye urefu wa mita 71 unashuka kutoka angani huku moto ukiwaka chini yake, unapunguza mwendo, unasogea taratibu kando ya mnara, na mnara unaudaka kwa mikono miwili. Roketi ya majaribio ya Starship, sehemu yake ya chini, imerudi nyumbani ilikotoka. Watu walishangilia mpaka wakalia, na mimi siwacheki.

Ila kabla hujaiangalia mara ya kumi, nisindikize kidogo. Tuseme umesimama Kagerankanda, Kasulu. Geukia kusini-magharibi. Shuka vilima vya Buha, vuka Ziwa Tanganyika, endelea ndani ya Kongo mpaka karibu na mto Luvua, ule unaotoka Ziwa Mweru kwenda kuungana na Lualaba. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita mia nne na kitu. Dar es Salaam iko mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Utatokea juu ya uwanda wa juu unaoangalia bonde la mto, mahali panapoitwa Kapani Tonneo. Hapo, tarehe 17 Mei 1977, kampuni binafsi ya Kijerumani ilirusha roketi. Haikuwa jeshi, wala haikuwa serikali. Na lengo lao lilikuwa lile lile la hawa wa Texas: kushusha nauli ya kwenda angani.

Ajabu ni kwamba jibu lao lilikuwa kinyume kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu nauli yenyewe. Roketi ni ghali kwa sababu ya namna tulivyozoea kuitumia. Fikiria basi linatoka Kasulu kwenda Dar, likifika stendi abiria wanashuka, halafu basi linasukumwa baharini. Safari nyingine inahitaji basi jipya. Nauli ingekuwa shilingi ngapi? Ndivyo roketi zilivyokuwa zikitumika tangu mwanzo. Mafuta yenyewe si gharama kubwa sana, gharama iko kwenye chombo kinachotupwa.

Kwa hiyo jibu linaonekana liko wazi: usitupe basi. Lakini ngoja. Nenda zahanati uangalie sindano. Wazee wetu walidungwa kwa sindano za kioo zilizochemshwa na kutumika tena na tena. Leo sindano ni ya plastiki, inatumika mara moja inatupwa, na hakuna anayelalamika, kwa sababu inatengenezwa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo. Kuna vitu ambavyo ukivifanya rahisi vya kutosha, kutupa ni nafuu kuliko kutunza. Swali ni kama roketi ni basi au ni sindano.

Lutz Kayser, mhandisi kutoka Stuttgart, alisema ni sindano. Mwaka 1975 alianzisha kampuni aliyoiita OTRAG. Hela hakuzipata serikalini. Alizipata kwa Wajerumani wa kawaida wenye kipato kizuri, mamia kwa mamia, ambao sheria za kodi za wakati ule ziliwafanya wafaidike hata kama mradi unakula hasara. Mwenyekiti wake alikuwa Kurt Debus, mtu aliyewahi kuongoza kituo cha Kennedy huko Florida wakati wa safari za mwezini. Huyu Debus kabla ya hapo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alifanya kazi kwenye makombora ya V-2 ya Hitler. Likumbuke hilo, litarudi.

Sasa roketi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye utamu.

Roketi ya kawaida ina pampu zinazosukuma mafuta kwenye injini. Pampu hizo zinazunguka kwa kasi ya kutisha, zinafanya kazi kwenye joto na baridi kali kwa wakati mmoja, na ni miongoni mwa vitu vigumu kuliko vyote kutengeneza. Kayser akazitoa zote. Akachukua mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 27, akayajaza theluthi mbili kwa mafuta, na theluthi iliyobaki akashindilia hewa. Kama umewahi kutumia lile bomba la kupulizia dawa ambalo unapampu hewa kwanza, halafu ukifungua tu dawa inatoka yenyewe, basi umeshaielewa injini ya OTRAG. Bomba moja linabeba mafuta ya taa, au dizeli. Jingine linabeba mchanganyiko wenye asidi ya naitriki, ambao ndio unaompa moto hewa ya kuunguzia. Vikikutana chini, kazi imeanza.

Vali za kufungulia mafuta ziliendeshwa na mota za waipa. Ndiyo, waipa, hizi za kufuta mvua kwenye kioo cha gari. Zilikuwa zinapatikana, bei ndogo, na zimeshajaribiwa na mamilioni ya madereva. Na usukani? Hakukuwa na injini ya kugeuka. Injini za upande mmoja zilipunguzwa nguvu, na roketi ikaelekea upande huo, sawasawa na mtumbwi ambao wapiga kasia wa upande mmoja wamelegea.

Mzigo ukiwa mkubwa, hubuni roketi mpya, unaongeza mabomba. Unayafunga pamoja kama mzigo wa kuni. Manne kwa majaribio, makumi kwa satelaiti ndogo, mamia kwa satelaiti kubwa. Zote zinatoka kiwanda kimoja, zinafanana kama matofali. Udhaifu wake upo pia, na si mdogo: bomba linalobeba hewa iliyoshindiliwa lazima liwe nene, na unene ni uzito, na uzito ni adui namba moja wa anayetaka kwenda juu. Kayser alijua. Hesabu yake ilikuwa kwamba chuma kizito cha bei rahisi kitashinda chuma chepesi cha bei kali.

Kwa nini Zaire lakini? Ujerumani Magharibi ilifungwa na makubaliano ya 1954 yaliyoizuia kutengeneza makombora ya masafa marefu, na zaidi ya hapo nchi yenyewe imejaa watu. Halafu kuna zawadi ya Ikweta. Dunia inazunguka, na karibu na Ikweta inakusukuma kuelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa hata kabla hujawasha injini. Wewe uliyekaa Kasulu unasoma hapa unakwenda karibu na kasi hiyo, bure kabisa.

Rais Mobutu alikuwa na ardhi, na alitaka jina. Mwaka 1976 OTRAG ikapata haki ya kutumia eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 katika jimbo la Shaba, ambalo ndilo Katanga, mpaka mwaka 2000. Mkoa wetu wote wa Kigoma, pamoja na sehemu yake ya ziwa, ungeingia humo mara mbili na nafasi ikabaki. Mkataba ulipovuja na kuchapishwa, watu waliona kampuni imepewa uwezo wa kutaka eneo lihamwe na watu, na wafanyakazi wake wamepewa kinga ambayo kwa kawaida wanayo mabalozi. Waliokuwa wakilima na kuvua huko hawakukaa mezani. Kwa mtu wa Kagerankanda, anayejua ilivyo kubishania mpaka wa hifadhi na shamba, sidhani kama nahitaji kueleza zaidi. Wapenzi wa roketi wengi wakisimulia habari ya OTRAG wanairuka sehemu hii haraka. Mimi naona ni sehemu ya mashine, kama lile bomba.

Hata hivyo kazi ilifanyika, na kwa kasi. Walijenga uwanja wa ndege juu ya uwanda, wakaleta vifaa kwa ndege za mizigo, wakasimamisha mnara wa kurushia. Roketi ya kwanza, ya mabomba manne, ikaruka Mei 1977 vizuri tu. Ya pili ikaruka tarehe 20 Mei 1978. Itazame hiyo tarehe. Siku moja nyuma, tarehe 19, wanajeshi wa Kifaransa walikuwa wameruka kwa miamvuli Kolwezi, katika jimbo hilo hilo la Shaba, kupambana na waasi waliotokea Angola. Vita kusini, roketi kaskazini, jimbo moja, wiki moja. Ukiwa Luanda au Moscow, ungeamini kwamba hivi vitu viwili havihusiani?

Ya tatu ilikuwa tarehe 5 Juni 1978. Mobutu mwenyewe alikuja kutazama. Roketi ikapanda, ikapoteza mwelekeo, ikalala upande na kuangukia bondeni. Aisee, kama kuna siku ya kutofanya kosa, ilikuwa hiyo.

Lakini roketi moja kuanguka siyo iliyoua mradi. Kilichouua ni maneno. Umoja wa Kisovyeti na washirika wake walisema huo ni uwanja wa siri wa makombora ya Ujerumani Magharibi, na jina la Debus likawapa kuni za kuchochea. Ushahidi kwamba OTRAG ilikuwa ikitengeneza silaha pale Shaba haukutokea, na roketi ya mabomba isiyo na usukani mzuri ni kombora baya. Ila nayo kampuni ilijitakia: umechukua kipande kikubwa cha jimbo kwa mkataba wa siri, halafu unashangaa majirani wanauliza maswali? Mwaka 1979 Mobutu akawaambia wafunge virago. Wakahamia Libya kwa Gaddafi, wakarusha tena jangwani tarehe 1 Machi 1981. Ukiwa umetuhumiwa kutengeneza silaha, kwenda Libya ya miaka ile si njia ya kujisafisha. Roketi yao ya mwisho iliruka Kiruna, kaskazini mwa Sweden, mwaka 1983. Hakuna hata moja iliyowahi kufika kwenye obiti.

Basi sindano ilishindwa, basi likashinda? Ningependa iwe rahisi hivyo. Wakati Kayser anafungasha Shaba, Wamarekani walikuwa wanakamilisha Space Shuttle, chombo cha kutumika tena kilichoanza kuruka Aprili 1981. Kiliruka mara 135, kiliua wanaanga 14 katika ajali mbili, na kila kiliporudi kilihitaji matengenezo ya gharama kubwa mno. Kwa miaka thelathini kutumia tena kulikuwa ghali kuliko kutupa. Mtu aliyemcheka Kayser mwaka 1985 hakuwa na jibu bora mfukoni. (Kwa Wajerumani na kutumia tena, mfano bora uko bandarini Kigoma: MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudishwa kazini. Hiyo hakuna roketi iliyoifikia.)

Kilichobadilisha mambo ni majaribio mengi. SpaceX nao walianza kwa kushindwa. Roketi yao ndogo ya Falcon 1 ilifeli mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne, tarehe 28 Septemba 2008, ikafika obiti. Baadaye wakaanza kujaribu kutua, wakavunja vyombo kadhaa, mpaka Desemba 2015 kimoja kikasimama salama. Tarehe 30 Machi 2017 kwa mara ya kwanza wakarusha satelaiti kwa sehemu ya chini iliyokwisha kutumika, na leo kuna ambazo zimeruka zaidi ya mara 20. Starship yenyewe, safari yake ya kwanza ya Aprili 2023 ililipuka dakika nne baada ya kuruka, na zingine zimelipuka tangu hapo. OTRAG walipata majaribio matatu pale Shaba. Ya nne hawakuipata. Sisemi ingefika obiti, kwa kweli nina mashaka kama mabomba mamia yangeweza kuwaka kwa pamoja bila vurugu. Nasema hatukupata kujua, na sababu haikuwa ya kihandisi.

Majirani zetu Wakenya wana upande mwingine wa hadithi hii. Kwenye ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini na kurusha satelaiti kuanzia 1967 mpaka 1988. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru, ikawa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani. Roketi zile zilikuwa za Kimarekani, za kutupwa. Kenya ilipotaka kurusha satelaiti yake, Taifa-1, mwezi Aprili 2023, haikwenda Malindi. Ilikwenda California na kupanda Falcon 9 iliyokwisha kuruka mara kadhaa, ikishirikiana nauli na mizigo ya watu wengine, mbali na Ikweta na zawadi yake. Nauli iliposhuka, jiografia yetu ikapungua thamani. Sijui kama nifurahi au ninune.

Kayser alifariki mwaka 2017. Sasa rudia ile video ya Texas, ila usiangalie mikono ya mnara. Isimamishe pale roketi inapopaa, uangalie chini. Utaona injini 33, zote za aina moja, zimetoka kiwanda kimoja, zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni.