Huzuni Isiyo na Sababu: Kutoka Balkh hadi Rakai

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Kwa maoni yake, sonona ilikuwa nadra kwa Waafrika. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameshaifananisha akili ya Mwafrika mzima na ile ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Leo ni rahisi kumcheka, lakini kosa lake la kitaalamu linafaa kutazamwa vizuri, maana si yeye peke yake aliyelifanya. Alihesabu waliofikishwa Mathari, na waliofikishwa Mathari walikuwa hasa wale waliowashinda jamaa zao au waliovunja amani. Aliyejikunja kitandani, hali, hasemi, hamsumbui mtu, alibaki nyumbani. Daktari alihesabu waliopita mlangoni kwake akadhani amehesabu nchi.

Mwaka 1963 Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji vya Wayoruba karibu na Abeokuta. Hawakungoja wagonjwa waletwe. Waliwafuata watu makwao, na dalili za sonona wakazikuta tele. Mwaka 1979 John Orley na John Wing wakaonyesha kwamba katika vijiji viwili vya Uganda wanawake wenye sonona walikuwa wengi kuliko Camberwell, mtaa wa London. Hata hivyo, kaa barazani mahali popote pwani useme sonona ni maradhi kama maradhi mengine, hutakosa wa kukwambia hayo ni ya Wazungu wasio na ndugu. Carothers amekwenda zake, hoja yake tumeirithi sisi.

Wa kuipinga hoja hiyo yupo, tena wa zamani sana. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, katika Afghanistan ya leo, alifariki mwaka 934 na kuacha kitabu, Masalih al-Abdan wal-Anfus, kinachoweka afya ya mwili na afya ya nafsi chini ya jalada moja. Mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri, aliitafsiri sehemu ya nafsi kwa Kiingereza mwaka 2013. Humo al-Balkhi anaigawa huzuni mara mbili. Ipo yenye sababu inayojulikana: umefiwa, umepoteza mali, umeachana na umpendaye. Na ipo inayomshukia mtu bila yeye kujua imetoka wapi, ikamganda, ikamwondolea furaha na hamu ya kufanya lolote. Ya kwanza aliitibu kwa mawaidha na kwa kumzoeza mtu kuyatawala mawazo yake mwenyewe. Ya pili aliiona ni ya mwili, inatokana na damu iliyochafuka, basi akaiagizia tiba ya mwili, ila hakusahau maneno mema na mambo ya kumchangamsha mgonjwa.

Habari ya damu kuchafuka haina thamani kitabibu leo. Mgawanyo wenyewe ni suala jingine. Wataalamu wa Ulaya walikuja kuufikia kwa njia yao katika karne ya 20, walipotenga sonona inayochipuka ndani ya mtu na ile inayoitikia mkasa. Kisha mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliacha kuuliza sababu katika mwongozo wake wa kutambua maradhi, kikahesabu tu dalili zilizodumu wiki mbili. Aliyefiwa bado aliachwa kando, lakini mwaka 2013 msamaha huo nao ukafutwa. Kwa mwongozo huo, mjane aliye katikati ya eda anaweza kuhesabiwa mgonjwa. Hapa mimi niko upande wa mzee wa Balkh: daktari asiyeuliza mgonjwa amepatwa na nini ameacha nusu ya kazi.

Lakini je, huo mwili aliousema una nini? Wengi wetu tumesikia jibu moja, kwamba kemikali iitwayo serotonini imepungua ubongoni. Jibu hilo lilipatikana kwa njia ya kushangaza. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya, iproniazidi, ndugu wa ile isoniazidi ambayo kliniki zetu za TB zinaitumia hadi leo. Watu waliokuwa wakingoja kufa wakachangamka, wakataka chakula, wengine wakapigwa picha wakicheza wodini. Wakati huohuo mzizi wa Kihindi, Rauwolfia serpentina, ambao waganga wa India walikuwa wakiwatuliza nao wenye kichaa kwa karne nyingi, ulitoa kiini kilichoitwa reserpini, kikatumika kushusha shinikizo la damu. Baadhi ya waliokimeza wakaonekana kuingia katika huzuni nzito. Maabara zikagundua kwamba dawa ya kwanza inaongeza kemikali za kupitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, na ya pili inazipunguza. Kutokana na hayo mawili dhana ikajengwa: sonona ni upungufu. Nadhani ni haki kukumbuka kwamba nusu ya ushahidi huo ilitoka katika mkoba wa mganga wa Kihindi.

Dhana ilizaa vidonge, fluoksetini ikaingia madukani Marekani mwanzoni mwa 1988, na matangazo ya biashara yakaigeuza dhana kuwa ukweli usiohojiwa. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa London walipitia tafiti za miaka mingi wasione ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana upungufu wa serotonini. Wapo waliorukia hapo wakasema vidonge ni uongo. Hilo halifuati. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477, na kila moja ya dawa 21 walizozipima iliishinda dawa bandia, ingawa kwa wastani si kwa mbali. Dawa inaweza kufanya kazi huku maelezo yake yakiwa mabovu. Homa ikitulia kwa parasetamoli, hakuna anayesema mgonjwa alikuwa na upungufu wa parasetamoli.

Ketamini nayo inaonyesha kwamba serotonini si maelezo ya yote. Wahudumu wa ganzi katika hospitali zetu za wilaya wanaijua kama dawa ya kulazia wagonjwa wa upasuaji. Mwaka 2000 watafiti wa Yale waliripoti kwamba kiasi kidogo chake kiliwapunguzia wagonjwa wachache huzuni ndani ya siku tatu, wakati vidonge vya kawaida huchukua wiki kadhaa. Mwaka 2019 Marekani ikaidhinisha dawa ya kupuliza puani inayotokana nayo. Njia yake kuu haipiti kwenye serotonini, inagusa kemikali nyingine ya ubongo, glutamati. Vinasaba navyo havijatoa mshtakiwa mmoja: utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2025 ulihesabu takriban tofauti 700 za vinasaba zinazohusishwa na sonona, kila moja ikiongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kumwambia daktari kwa hakika, "Huyu anayo."

Pwani yetu ina njia zake. Mwalimu huandika aya kwa zafarani katika sahani, akazisuuza kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa: ndilo kombe. Ibn Sina aliitaja zafarani miongoni mwa dawa za kufurahisha moyo, na tangu 2004 watafiti wa Tehran wameipima kwa vidonge dhidi ya dawa za hospitali. Matokeo yaliridhisha, ila majaribio yalikuwa madogo, na kiasi walichotumia, miligramu 30 kila siku kwa wiki sita, si wino wa sahani moja. Anayesema sayansi imethibitisha kombe anaidhulumu sayansi, na kombe pia, maana anayelinywa anategemea maneno yaliyoandikwa, wala hategemei ua. Ngoma za pepo ni habari nyingine. Wanazuoni wengi wanazikataa, na kupungwa kunagharimu fedha nyingi. Hata hivyo zina kitu ambacho kliniki haina: aliyenyamaza muda mrefu anawekwa katikati, jamaa wanakusanyika, na madai yake yanasikilizwa kwa kuwa anayedai ni pepo.

Kusikilizwa kumepimwa, tena kwa vipimo vilevile vya vidonge. Gerald Klerman na Myrna Weissman wa Marekani walibuni tiba ya mazungumzo inayoshughulikia msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya kuijaribu katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na UKIMWI. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu. Kabla ya hapo, asilimia 86 ya waliopata tiba na 94 ya wasiopata walikuwa na sonona. Mwishoni zilikuwa 6.5 na 54.7. Harare, Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuyafumbua matatizo yake moja baada ya jingine. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 miongoni mwa walioketi na bibi, na 49.9 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi hizo zimeshafika Malawi na Zanzibar.

Al-Balkhi angefurahi kuona mawaidha yamefaulu mtihani, lakini angelazimika kurekebisha jambo moja. Huzuni yenye sababu nayo hupungua kwa kidonge, na isiyo na sababu nayo hupungua kwa mazungumzo. Tofauti ya chanzo, ambayo kila mila imeipigania, haiamui peke yake tiba ipi itafaa. Ndiyo maana namwamini bibi wa Harare kuliko profesa anayechora ubongo ubaoni: yeye hadai kujua huzuni imetoka wapi, na matokeo yake yamehesabiwa.

Kwa hiyo, msomaji uliyeandikiwa vidonge, usiviache ghafla kwa sababu umesikia dhana ya serotonini imeanguka. Mwili ukikatiziwa hulalamika, na kuacha kunafanywa polepole mkiwa pamoja na daktari. Ukinywa kombe au mitishamba, mwambie daktari, na mwalimu naye umwambie kuhusu vidonge. Na kama una mtu nyumbani anayejilaza mchana kutwa kwa wiki ya pili sasa, hasemi, hali, hasumbui, mfuate.