Padre wa parokia: anapatikanaje, anaishije, na umwite lini

Katika mkoa wetu wa Katavi, Wakatoliki wengi wa vijijini hawamwoni padre kila Jumapili. Anayeongoza ibada, anayefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza na mara nyingi anayeongoza mazishi ni katekista, ambaye vijijini tunamwita tu "mwalimu". Padre anakuja kwa zamu. Ndiyo maana watu wengi wanajiuliza: padre ni mtu gani hasa, kazi yake inaanzia na kuishia wapi, na kwa nini mambo mengine lazima yamsubiri yeye? Tumeandika makala hii hata kwa wasio Wakatoliki, maana jirani akifiwa wote tunakaa msibani pamoja.

Tuanze na mpangilio. Askofu anamkabidhi padre mmoja parokia, naye huitwa paroko. Akiwa na wenzake, hao ni wasaidizi wake. Parokia ina vigango, na kigango kina jumuiya ndogondogo, yaani familia za jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Parokia zote kwa pamoja ni jimbo. Jimbo Katoliki la Mpanda lilianzishwa mwaka 2000 kwa kumegwa kutoka Jimbo la Sumbawanga. Askofu wake wa kwanza alikuwa Paschal Kikoti, aliyefariki mwaka 2012. Alifuatiwa na Gervas Nyaisonga mwaka 2014, ambaye mwishoni mwa 2018 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Mbeya. Mwaka 2020 akateuliwa Eusebius Nzigilwa, aliyekuwa Askofu Msaidizi wa Dar es Salaam.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Kanisa inataka padre aadhimishe Misa moja kwa siku. Kukiwa na uhitaji anaweza kuruhusiwa mbili, na Jumapili hadi tatu. Chukua parokia yenye mapadre wawili na vigango kumi na viwili, na vingine vimetenganishwa na mto unaojaa masika. Hata wakichoka kiasi gani, kuna vigango vitakavyobaki na ibada ya katekista. Kwa hiyo padre asipofika, usikimbilie kusema amewadharau.

Lugha nayo ni kazi. Padre anaweza kuanza wiki kwa Wapimbwe wa Usevya, akapita kwa wafugaji Wasukuma, akamalizia kwa Wabende. Katumba na Mishamo wapo waumini ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kwao lugha ya nyumbani bado ni Kirundi. Misa ni ya Kiswahili, lakini bibi wa miaka themanini akitaka kuungama, hutafuta maneno ya lugha aliyonyonya.

Njia ya kufikia upadre ni ndefu. Vijana wengi huanzia seminari ndogo, ambayo ni sekondari kama nyingine, ila ina ratiba ya sala na malezi. Baada ya kidato cha sita unakuja mwaka wa malezi, kisha falsafa miaka mitatu, kwa mfano Kibosho au Ntungamo. Kisha teolojia miaka minne, kwa mfano Kipalapala kule Tabora au Segerea. Katikati huwa kuna mwaka wa kichungaji, frateri anapopelekwa parokiani kuonja maisha yenyewe. Kabla ya upadre hupewa ushemasi, na kati ya hatua hizo mbili lazima ipite angalau miezi sita. Hakuna anayepewa upadre chini ya miaka 25, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Wengi huachia njiani, na hilo si aibu. Seminari ipo pia ili kijana agundue kwamba huo si wito wake.

Padre wa jimbo anaahidi useja na utii kwa askofu wake. Hana nadhiri ya ufukara kama watawa, hivyo anaweza kumiliki vitu. Utii maana yake ni kwamba leo yuko Inyonga, na barua ikija anafunga mizigo kwenda Karema. Useja ndio unaozigusa familia zetu moja kwa moja. Kwetu mtoto wa kiume akikua, ukoo unahesabu wajukuu. Mzazi anayemtoa mwanawe seminarini anaahirisha hesabu hiyo moja kwa moja, na tunaona ni haki kusema wazi kwamba hata mzazi hutoa sadaka hapo.

Mfano tunao hapahapa mkoani. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879, na mwaka 1885 likakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers. Mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman. Alizaliwa pande za mto Niger, Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari hao, kisha akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Alikuwa daktari na katekista wa Karema hadi kifo chake mwaka 1956, zaidi ya miaka sitini. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padre. Hebu fikiria: mtu aliyenyang'anywa ukoo wake utotoni anapata mwana ugenini, naye mwana huyo anachagua njia isiyo na wajukuu. Wanaosema upadre ni kimbilio la waliokosa kazi wangepaswa kupita Karema kwanza.

Kuhusu fedha, padre halipwi mshahara na serikali kwa kuwa paroko. Parokia huishi kwa sadaka na zaka, na kwa wakulima mavuno huja kama debe la mahindi au gunia la mpunga. Sheria ya Kanisa inalazimisha kila parokia iwe na kamati ya fedha yenye walei, kwa hiyo kuuliza matumizi si utovu wa adabu. Sheria hiyohiyo inasema mhitaji asinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini. Ukikwama, mweleze paroko mwenyewe, usiishie kwa aliyekukatalia mlangoni.

Lingine linalowachosha watu ni vyeti. Unataka kufunga ndoa, unaambiwa ulete cheti kipya cha ubatizo wakati cha zamani unacho. Sababu ni kwamba ndoa ya Mkatoliki huandikwa pia kwenye kitabu cha parokia alikobatizwa. Cheti kipya kinaonyesha kama kuna ndoa nyingine iliyoandikwa hapo, na mabinti wengi wameokolewa na mstari huo mmoja. Pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, basi usiende kwa paroko wiki moja kabla ya sherehe.

Tumebakiza lililo zito, mgonjwa. Kuungamisha na kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu ni kazi ya padre peke yake. Katekista hawezi, mtawa hawezi, hata shemasi hawezi. Na siri ya kitubio haifunguliwi kwa yeyote: si kwa familia, si kwa polisi, si kwa mahakama. Padre anayeivunja kwa makusudi anatengwa na Kanisa papo hapo.

Kosa tunaloliona sana vijijini ni kusubiri. Watu wanadhani kumwita padre ni kumtabiria mgonjwa kifo, kwa hiyo wanamwita mgonjwa akiwa hasemi tena. Lakini Mpako wa Wagonjwa si wa kufa tu. Ni kwa mwenye ugonjwa mkubwa, kwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji mzito, na kwa mzee aliyedhoofika. Hali ikizidi kuwa mbaya unaweza kurudiwa. Mwite padre mgonjwa akiwa bado anaweza kuongea, maana huenda ana neno la kuungama. Mpitie mwenyekiti wa jumuiya au katekista, taja kigango, hali ya mgonjwa na hali ya barabara. Nyumbani andaa meza ndogo yenye kitambaa safi, mshumaa na maji ya baraka kama yapo.

Mtoto mchanga aliye katika hatari ya kufa yeyote anaweza kumbatiza, hata mkunga: anammiminia maji kichwani huku akitamka, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Baadaye parokia ijulishwe ili aandikwe.

Na padre asipowahi? Kanisa linafundisha kwamba anayejuta dhambi zake kwa kumpenda Mungu, akiwa na nia ya kuungama mara atakapoweza, anasamehewa. Kwa hiyo usiku wa mvua, mto umejaa na pikipiki imekwama ng'ambo, katekista akae karibu na kitanda na kumsaidia mgonjwa kusali sala ya kutubu polepole, neno kwa neno.