Mgonjwa Asiyeweza Kusema: Historia ya Tiba ya Taya Lililoteguka kwa Muda Mrefu Miongoni mwa Waliopata Kiharusi

Tiba ya taya lililoteguka ni miongoni mwa tiba kongwe zilizohifadhiwa kwa maandishi. Hati ya mafunjo ya Edwin Smith, iliyonakiliwa Misri takriban mwaka 1600 K.K. na kuchapishwa na James Henry Breasted mwaka 1930, inamwelekeza tabibu katika kisa cha 25 aweke vidole gumba ndani ya kinywa, kwenye ncha za taya la chini, na vidole vingine chini ya kidevu, kisha alirudishe taya mahali pake. Maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na Hippocrates nayo yanaeleza namna ya kulirudisha kwa mikono, na hadi leo mikono ndiyo tiba ya kwanza.

Dalili inayotajwa katika hati ya Misri haitegemei maneno ya mgonjwa: kinywa kiko wazi na hakifungiki. Hata hivyo, dalili hiyo hupotea kwa urahisi kwa aliyepata kiharusi. Mwenye afasia, yaani aliyepotewa na uwezo wa lugha, hawezi kueleza maumivu yake. Mate yanayomtoka na ugumu wa kumeza huhesabiwa kuwa athari za kiharusi chenyewe. Ilhali kupooza uso kwa kawaida hulegeza pembe moja ya mdomo, wala hakuzuii meno kukutana.

Kuchelewa huko kuna gharama. Baada ya majuma kadhaa misuli hufupika na tishu za kovu hujaza shimo la kiungo, hata mikono ishindwe. Hapo mara nyingi hubaki upasuaji. Mwaka 1951 Myrhaug alieleza njia ya kuondoa nundu ya mfupa iliyo mbele ya shimo hilo kwa wanaoteguka taya mara kwa mara. Baadaye ikatumiwa pia kwa miteguko ya muda mrefu. Lakini wagonjwa wengi wa kiharusi hutumia dawa zinazozuia damu kuganda, na nusukaputi huwaongezea hatari.

Kwa hiyo, miongozo ya huduma ya kiharusi katika ukanda huu yafaa iwe na swali moja la Kiswahili chepesi, linaloeleweka kwa muuguzi na kwa ndugu anayemlisha mgonjwa nyumbani: je, kinywa kinafungika, na meno au fizi zinakutana? Likiulizwa mapema, vidole gumba viwili vyaweza kutosha.