SOMO LA REDIO: MZEE ASIYEONA NA BAO LA JIONI

Wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, wekeni kalamu chini. Somo la leo ni historia.

Mwaka 1968, wilaya zenu zilipokuwa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, mkoa huo uliingia katika mradi wa majaribio wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, uliosaidiwa na UNESCO. Lakini ubao unataka macho. Mtu aliyepofuka ukubwani ubao haukumfaa, hata kama alikuwa hodari wa kulima na kuhesabu. Redio ndiyo haikumbagua.

Shule za wasioona zilikuwapo, ila za watoto. Ile ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950. Wasioona husoma kwa nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole, ambayo kila alama yake ina nukta zisizozidi 6. Aliyeyabuni ni Mfaransa Louis Braille, naye mwenyewe alipofuka utotoni. Mwaka 1964 kikaundwa Chama cha Wasioona Tanzania, wakaanza kujisemea wenyewe.

Sasa tazama nyumbani kwako. Mzee aliyepofuka huketishwa wapi? Mlangoni. Hupewa chakula, hupewa na pole, kisha watu huenda zao kucheza na kuzungumza. Mimi naona upweke huo humuumiza kuliko giza.

Basi sikilizeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wengi walirudi kwao Ulaya wakiwa wamepofuka. Mwaka 1946 Mjerumani mmoja na Mwaustria mmoja wakawatungia mchezo wa mpira wenye kengele ndani. Kila upande una wachezaji 3, na wote hufunikwa macho ili wawe sawa. Mpira huviringishwa chini kwa nguvu, nao huukinga kwa kuufuata mlio wake. Watazamaji hunyamaza kimya, jambo ambalo kwetu sisi wapenda kushangilia ni gumu! Mwaka 1976 mchezo huo uliingia rasmi katika michezo ya dunia ya walemavu, huko Toronto, Kanada.

Na hapa kwetu? Ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania zilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, Mgogo asiyeona, aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa mara moja.

Nanyi mnalo bao. Lina mashimo 32 na kete 64, na yote hayo mkono huyajua. Mkaribisheni mzee jioni hii. Anayecheza naye ataje kwa sauti shimo analoanzia na shimo anapoishia, kisha ampe nafasi ya kupapasa na kuhesabu. Asiharakishwe, wala asionyeshwe kete ya kucheza. Naye akikushinda, usiwaambie watu kwamba ulimwachia.