Ujerumani
Ujerumani ni jamhuri ya shirikisho katika Ulaya ya Kati, yenye majimbo 16, mji mkuu Berlin na wakazi wapatao milioni 83. Iliundwa kuwa dola moja mwaka 1871, ikagawanyika baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaungana tena tarehe 3 Oktoba 1990. Wakristo wake wengi ni Wakatoliki na Waprotestanti, na wakazi wengi hawana dini. Waturuki na vizazi vyao ni sehemu kubwa ya wahamiaji.

Kwa msomaji wa Tanga, nchi hii haiko mbali. Reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianza kujengwa mjini Tanga mwaka 1893 na Wajerumani, watawala wa kikoloni wa wakati huo. Kipande cha mwanzo, kilomita 14 hivi, kiliishia Pongwe mwaka 1894, na Moshi ikafikiwa mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, zao lililogeuza ardhi na kazi za watu toka Pangani hadi Korogwe. Maneno yetu "shule" na "hela" nayo yana asili ya Kijerumani.

Lakini reli na mkonge vilitanguliwa na kufuatwa na mtutu wa bunduki, na hilo lisisahauliwe. Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Vita vya Maji Maji (1905–1907) viliua makumi ya maelfu ya watu, na kwa makadirio mengine mamia ya maelfu, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea.