Mchimba Makaa na Mtu wa Mamboya: Habari za Kutafuta Jamaa katika Hesabu za Watu

Katika nchi ya Uingereza wako watu wengi siku hizi watafutao habari za babu zao waliochimba makaa ya mawe. Wazee hao hawakuwa watu wa sifa. Wengi wao hawakujua hata kutia sahihi. Walakini wajukuu wao huweza kuwafuata kizazi kwa kizazi, wakijua nyumba waliyolala, umri wao, na watoto wao mmoja mmoja. Vijana wa Mamboya, katika wilaya ya Kilosa, wasikiapo habari hii huuliza kwa nini wao wasiweze kufanya vivyo hivyo. Swali lao ni la haki, nasi twataka kulijibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa watakaoulizwa kwanza ni walimu na mapadre wenye kutunza vitabu vya kanisa.

Na tueleze njia ya wenzetu. Waingereza huhesabu watu kila miaka 10 tangu mwaka 1801, ila hesabu za kwanza zilikuwa idadi tu kwa sehemu kubwa. Tangu mwaka 1841 liliandikwa jina la kila mtu aliyelala nyumbani usiku ule, na vitabu vikawekwa. Havifunuliwi mpaka imepita miaka 100. Ndiyo sababu hesabu ya 1921 ilifunuliwa mwaka 2022. Ile ya 1931 ya Uingereza na Wales haitasomwa kamwe, maana iliteketea kwa moto mwezi wa Desemba 1942, na mwaka 1941 watu hawakuhesabiwa kwa ajili ya vita.

Hesabu ya 1841 ina kasoro zake. Umri wa mtu aliyepita miaka 15 ulishushwa mara nyingi, hata mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Wala haikuelezwa nani ni mke, nani ni binti, nani ni mgeni. Lakini tangu mwaka 1851 kila mtu aliandikwa pamoja na umri wake kamili, undugu wake na mwenye nyumba, kazi yake, na parokia aliyozaliwa. Jambo hili la mwisho ndilo ufunguo kwa amtafutaye mchimba makaa, kwa maana wachimba makaa hawakukaa mahali pamoja. Huko Durham waliajiriwa kwa mkataba wa mwaka, na desturi hiyo haikukoma ila mwaka 1872. Mkataba ulipokwisha, wengi walifunga vyombo vyao wakahamia machimbo mengine. Basi ukiona katika nyumba moja mtoto wa miaka 9 amezaliwa kijiji hiki, wa miaka 6 kijiji kile, na wa miaka 2 kijiji cha tatu, umepata safari yote ya baba yao, ingawa yeye mwenyewe hakuandika neno hata moja. Na katika vitabu vya 1921 limeandikwa hata jina la mwajiri wa mtu na mahali alipofanyia kazi, hivi kwamba mjukuu hujua ni shimo lipi aliloshuka babu yake.

Hapa yafaa tuangalie jambo ambalo watafutaji wengi hulipita upesi. Katika hesabu hizo mke huandikwa kwa jina la ukoo wa mumewe, na jina alilozaliwa nalo halimo. Mara nyingine hufunuliwa kwa bahati tu: yumo nyumbani bibi mzee aliyeandikwa kuwa mkwe wa mwenye nyumba, na jina lake ni jina la ule ukoo uliofichika. Bibi huyo asipokuwapo, mtafutaji hana budi kutafuta cheti cha kuzaliwa kwa mtoto, ambamo jina la kwanza la mama limeandikwa, maana serikali yao ilianza kuandika vizazi, ndoa na vifo mwaka 1837. Kwa hiyo hata kwa Waingereza wenyewe hesabu ya watu peke yake haitoshi. Hufuata upande wa baba kama maji yafuatavyo mfereji, na upande wa mama huuacha mkavu.

Tutoe mfano mmoja wa faida yake. Tarehe 7 Aprili 1861 watu walihesabiwa, na miongoni mwao wachimba makaa wa Hartley, katika jimbo la Northumberland. Tarehe 16 Januari 1862 boriti kubwa ya chuma ya mtambo wa kuvuta maji ilivunjika, nusu yake ikaanguka katika shimo la machimbo hayo na kuliziba. Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea. Watu 204 walikufa ndani, watu wazima na watoto, wengine baba pamoja na wanawe. Mwaka huohuo sheria iliamuru kila machimbo yawe na mashimo mawili. Basi mtu akiviweka vitabu vya 1861 karibu na vile vya 1871, huweza kuona nyumba kwa nyumba ni nani waliokuwamo kabla ya msiba, na waliosalia wamekwenda wapi: mjane kwa ndugu zake, binti katika utumishi, mtoto mdogo kulelewa na watu wengine. Kila mmoja wa wale 204 ana jina na mahali.

Sasa twende Mamboya. Hapa hapana makaa ya mawe. Makaa ya nchi yetu yako mbali, kusini, huko Kiwira na Ngaka na bonde la Ruhuhu. Watu wa Mamboya waliokwenda kutafuta fedha walikwenda hasa katika mashamba ya mkonge ya upande wa Kilosa, ambako kila mtu alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Mkata mkonge huyo ndiye ndugu yake mchimba makaa wa Durham: wote wawili walikwenda na mkataba. Lakini kipande kilihesabu siku za kazi. Mama wa mtu hakikumjua.

Atafutaye habari za Mamboya katika maandiko ya zamani yampasa kwanza kujua majina. Wazungu wa kwanza waliandika Mamboia, na nchi yote ya vilima hivi waliiita Usagara, wakiwachanganya Wakaguru na jirani zao. Hata mapatano aliyoyafanya Carl Peters mwishoni mwa mwaka 1884 yalitaja Usagara. Wamisionari wa C.M.S. walikaa Mamboya tangu mwaka 1880, karibu na njia ya misafara iendayo Mpwapwa, na mmoja wao, J. T. Last, alitoa kitabu cha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Mtu akitafuta neno “Kaguru” peke yake katika barua za wakati ule, atapitwa na mengi.

Baada ya hayo zilikuja daftari za kodi. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaiendeleza, wakaongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba. Mwenye wake wawili alilipa nyumba mbili. Basi katika daftari hizo jina la mwanamume lipo, nalo mara nyingi limeandikwa na karani asiyejua Kikaguru. Lakini mkewe hakuonekana ila kama kibanda. Twasema hivi bila mzaha. Daftari ya kodi ilijua kwamba yuko mwanamke, kwa kuwa palikuwa na paa la nyasi la kutozwa, na zaidi ya hapo haikuuliza.

Ndipo ikaja vita ya 1914 hata 1918. Majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa mwezi wa Agosti 1916, na pande zote mbili zilichukua wanaume wa nchi hizi wawe wapagazi. Wengi hawakurudi. Mara baada ya vita zikafuata homa kuu ya mafua na njaa, ile ambayo jirani zetu Wagogo huiita Mtunya. Mwaka 1921 serikali ilihesabu watu wa Tanganyika, ikapata zaidi kidogo ya 4,100,000. Msomaji na alinganishe na Hartley. Kule, vitabu viwili, kimoja kabla ya msiba na kimoja baada yake, na kila jina mahali pake. Huku, idadi moja kwa nchi nzima, iliyokusanywa kwa makisio na kwa maneno ya wakubwa wa vijiji. Hasara yake haikuwa ya machozi tu. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa ilibaki bila kudaiwa, kwa sababu majina yaliyoandikwa hayakuweza kuwafikisha watu kwa jamaa zao.

Hesabu zilizofuata ziliongezeka kwa idadi: 5,022,640 mwaka 1931, na 7,410,269 mwaka 1948, bila Wazungu na Waasia. Ile ya 1948 ilifanywa kwa uangalifu kuliko zote zilizotangulia. Walakini hakuna hata moja iwezayo kumwambia kijana wa Mamboya jina la mama wa bibi yake. Hata hesabu za siku zetu, kama ile ya 2022 iliyopata watu 61,741,120, hutoa idadi. Habari za mtu mmoja mmoja huwekwa siri, na ni haki ziwekwe.

Lakini tukisema kwamba kasoro ni ukosefu wa majina tu, tutakuwa tumekosea. Tuseme kwamba Waingereza wangaliandika Mamboya kila jina kama walivyoandika Durham: mwenye nyumba, mkewe, watoto. Bado wangaliuacha ukoo nje ya kitabu. Maana Wakaguru, kama Waluguru, hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mjomba ana neno katika mambo ya mpwawe, na ukubwa wa nchi kwa desturi ulikwenda kwa ndugu au kwa mwana wa dada. Mtu akimtafuta mrithi wa mkubwa wa kale miongoni mwa wanawe aliowazaa, atampata mtu mwingine kabisa. Na jina la pili la mtu, ambalo shule na boma huliandika, ni jina la baba yake tu. Halikai kama jina la ukoo la Mwingereza, bali hubadilika kila kizazi. Danieli wa Yohana humzaa Petro wa Danieli, na Yohana amekwisha kutoweka. Kwa hiyo njia ya mchimba makaa ikiletwa Mamboya kama ilivyo, humpeleka mtafutaji hatua moja, kisha humwacha njiani.

Twaona kwamba njia iliyobaki ni kitabu cha ubatizo, pamoja na vinywa vya wazee wa kike. Kitabu cha ubatizo ndicho kinachomtaja mama kwa jina lake, si kama kibanda. Tena ubatizo wa mama mwenyewe waweza kupatikana nyuma yake, labda Mamboya, labda Berega, au katika kijiji kingine cha mission. Mtafutaji aende kwa mama, kisha kwa mama wa mama, akiandika vijiji walikozaliwa watoto, kama vile wenzetu wawafuatavyo wachimba makaa. Jina la ukoo kwa kawaida hatalikuta katika ukurasa. Hilo lazima aliulize.

Aulize kwa adabu, tena faraghani. Njia ya misafara ilipita karibu, na siku zile watu waliuzwa na kununuliwa. Wako mateka waliopokelewa katika koo za wenyeji, na watoto wao wakahesabiwa kuwa watoto wa ukoo. Bibi akinyamaza alipofika jina fulani, mwalimu asimshurutishe, wala asiandike alilolisikia kwa jirani.

Kwa wenye kutunza vitabu kazi ni ndogo. Mahali palipoandikwa Petro, mwana wa Danieli na Mariamu, paandikwe pembeni kwa wino mambo matatu: ukoo wa Mariamu, jina la mama yake, na kijiji alichozaliwa mama huyo. Mistari miwili yatosha. Siku ya ubatizo ndiyo siku ya kuuliza, kwa kuwa siku hiyo bibi wa upande wa mama huwa amesimama karibu na birika, na mara nyingi ndiye amshikaye mtoto.